Wiki kumi na mbili na sifuri iliyopotea

Kijana alifika saa mbili na nusu, nusu saa kabla ya usaili, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata. Shikamoo, marahaba, karibu. Aliomba soketi kabla ya kukubali maji, kwa sababu betri ya laptopu yake ilikuwa haimalizi dakika kumi. Alikuwa ametoka kuhitimu kozi ya wiki kumi na mbili ya kuandika programu, na kazi zake tatu alizipanga kwenye skrini: programu ya kuorodhesha shughuli za siku, ukurasa wa hali ya hewa, duka la mtandaoni la viatu. Nilizijua zote kabla hajazifungua. Mwaka ule nilishawasaili vijana kumi na kitu, na karibu wote walikuja na hizohizo tatu. Kilichobadilika ni rangi, na mara moja viatu viligeuka vitenge.

Duka lake lilikuwa zuri kwa kweli. Nikamwambia anisajili kama mteja. Nikaandika jina, kisha namba ya simu kama kila mtu hapa anavyoiandika, ikianza na sifuri. Ikakubali. Sasa nioneshe ilivyohifadhiwa, nikamwambia. Akafungua kanzidata, mahali programu inapotunza taarifa, tukaikuta namba yangu ina tarakimu tisa.

"Sifuri imekwenda wapi?"

Aliikodolea macho. Akasajili mteja mwingine, sifuri ikapotea tena. Alikuwa ameiambia kompyuta ishike namba ya simu kama inavyoshika bei ya kiatu, yaani kitu cha kujumlisha na kuzidisha, na katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Namba ya simu haijumlishwi na yeyote. Ni jina la mtu lililoandikwa kwa tarakimu. Aliyewahi kuwatumia wateja halisi ujumbe wa simu hakumbushwi jambo hilo, maana siku ya kwanza ujumbe hauendi kwa mtu hata mmoja na bosi anasimama nyuma ya kiti chake.

Sikumlaumu, na sitaki makala hii isomwe kama ya kumcheka. Nami nilianza kwa kozi ya jioni ya wiki kumi. Ninachobishana nacho ni hesabu inayofanywa baada ya kozi: kwamba kijana akitoka pale ni fundi, na asipopata kazi basi ama yeye ni mzembe ama kozi ilikuwa ya kitapeli. Kati ya kozi na ufundi kuna kipindi kirefu ambacho Kiswahili kinacho jina lake, uanagenzi, na siku hizi hakuna anayetaka kukigharimia.

Kozi za aina hii zilivuma kwanza Marekani, na jina walilozipa wenyewe, bootcamp, ni la kambi ya kuruta. Jina hilo ni la kweli kuliko matangazo yake. Waliopita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita wanajua miezi mitatu inampa mtu nini: anaamka kabla ya jogoo, anapiga kwata, anatandika kitanda kikanyooka, na sauti ya afande haimtetemeshi tena. Sijamwona aliyerudi nyumbani akijiita kamanda.

Wiki kumi na mbili za programu nazo si haba. Hofu inatoka. Mtu aliyekuwa akiona ujumbe mwekundu wa kosa anafunga laptopu kama aliyetukanwa, sasa anausoma, anakwenda mstari wa 48, anakuta mabano hayakufungwa. Anazoea kuhifadhi kazi hatua kwa hatua ili akiharibu arudi alikotoka. Anajua kuuliza: badala ya "haifanyi kazi", anaeleza alichobonyeza, alichotarajia na alichokiona. Na kwa vijana wetu lipo somo jingine lisiloandikwa kwenye ratiba, nalo ni Kiingereza. Ujumbe wa makosa, maelezo ya zana, majibu ya waliokwama kabla yako, vyote viko kwa lugha hiyo, na nimeona wiki mbili nzima za kijana mwenye akili zikiishia kwenye kamusi. Sisi hata jina la kazi yenyewe linatusumbua. Mdogo wangu alipomwambia mama kwamba anasomea "kodi", yaani coding, kuandika programu, mama aliwatangazia majirani kuwa mwanawe anaingia TRA.

Shida inaanza kambi ya kuruta inapouzwa kwa ahadi za chuo cha maafisa, na ili kuona ahadi hizo zilitoka wapi inabidi kurudi mwanzo. Dev Bootcamp ilifunguliwa San Francisco mwaka 2012, ikiwa miongoni mwa za kwanza kabisa. Kampuni changa zilikuwa zinapata fedha za wawekezaji kwa urahisi, waandishi wa programu hawatoshi, na aliyeweza kutengeneza ukurasa unaofanya kazi alipewa meza. Lakini tazama nani walikuwa wanaingia. Wengi wao walikuwa na shahada tayari, ya hesabu, ya fizikia, hata ya fasihi. Walikuwa wameshakaa ofisini, wana akiba ya kuishi miezi kadhaa bila mshahara, na wana rafiki ndani ya kampuni inayoajiri. Mtu wa namna hiyo ukimpa wiki kumi na mbili atapata kazi. Huenda hata sita zingemtosha. Sifa ikaenda kwa kozi, na matangazo yakaandikwa kana kwamba shahada, akiba na rafiki havikuwahi kuwepo.

Dev Bootcamp yenyewe ilifungwa mwaka 2017. Mwaka huohuo ikafungwa Iron Yard, iliyokuwa na matawi katika miji mingi ya Marekani. Hata walioingia kwa mtaji mnene hawakutoka salama: kampuni ya elimu ya mtandaoni, 2U, iliinunua Trilogy, iliyokuwa ikiendesha kozi kama hizi, mwaka 2019 kwa dola milioni 750, na Desemba 2024 ikatangaza kwamba inaachana na kozi hizo.

Huku kwetu Moringa School ilianza Nairobi mwaka 2014, mwaka uleule Andela ilipoanzishwa Lagos. Andela ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu haikuwa inauza kozi. Ilichuja maelfu ya waombaji ikabakiza wachache, ikawafundisha kwa miezi huku ikiwalipa, kisha ikawakodisha kwa kampuni za nje, Marekani hasa. Ulikuwa uanagenzi wenye mshahara, na gharama yake ilibebwa na mteja wa ng'ambo. Nairobi ilifuata mwaka 2015, baadaye Kampala na Kigali. Halafu Septemba 2019 ikawaachisha kazi vijana takriban 400 wa ngazi ya chini katika Nigeria, Kenya na Uganda. Maelezo yaliyotolewa hayakuzunguka mbuyu: wateja wanataka wazoefu.

Uangalie vizuri mwaka huo. ChatGPT, ile programu ya akili mnemba, ilitoka Novemba 2022. Leo kijana akikosa kazi ya programu anaambiwa akili mnemba imekula nafasi yake, na wanaomwambia hivyo wanasahau kwamba kampuni iliyokuwa mfano wa bara zima ilishaonesha miaka mitatu kabla kuwa mwanagenzi hana soko. Akili mnemba imekuja kuongeza kufuli kwenye mlango uliokwisha kurudishiwa.

Kufuli lenyewe si la kupuuzwa, hata hivyo. Kazi tulizokuwa tunawapa wapya, fomu ya usajili, ukurasa wa ripoti, kubadili tarehe ziandikwe kama watu wanavyozisoma, ndizo mashine inazozimaliza kwa dakika moja. Zilikuwa kazi za kuchosha. Lakini zilikuwa kama ile ya utingo kufunga turubai na kuweka mawe nyuma ya tairi: mtu anazifanya huku akimwangalia dereva anavyoingiza gia mlimani. Ukiziondoa, umeondoa kisingizio cha utingo kuwemo ndani ya lori. Nilijaribu duka la yule kijana, siku nyingine, kwa kuiomba mashine iliandike upya. Namba ya simu iliihifadhi sawasawa, kama maandishi. Ila iliruhusu wateja wawili kujisajili kwa namba moja, mmoja akiianza kwa sifuri na mwingine kwa 255, tarakimu za Tanzania zinazoshika nafasi ya sifuri hiyo, nikaliona kwa sababu tu niliwahi kuumia hapohapo. Mhitimu wa wiki kumi na mbili angelitazama duka hilo na kusema limekwisha.

Turudi kwenye fedha, maana huko ndiko ahadi hupimwa. Mwaka 2017 ilianzishwa Marekani shule ya mtandaoni, Lambda School, kwa wazo lililopendwa na wengi, mimi nikiwemo: soma bila kulipa, ukipata kazi nzuri utatukatia kipande cha mshahara. Kipande kilikuwa asilimia 17 ya kipato kwa miezi 24, kwa aliyefikisha dola 50,000 kwa mwaka, na jumla isizidi dola 30,000. Hoja ilikuwa tamu: shule itahangaika nawe kwa sababu usipofanikiwa nayo haili. Baadaye ikabadili jina kuwa BloomTech. Aprili 2024 mamlaka ya Marekani inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ikaikamata. Mkataba uliotangazwa kwamba si mkopo ulikuwa mkopo, wenye gharama iliyofichwa ya wastani wa dola 4,000. Matangazo yalidai wahitimu asilimia 71 hadi 86 wanapata kazi ndani ya miezi sita, wakati takwimu ambazo shule iliwapa wawekezaji wake zilikuwa karibu na 50, na mara nyingine zilishuka hadi 30. Shule ilipigwa marufuku ya kudumu ya kukopesha wanafunzi, na mwanzilishi wake kwa miaka kumi.

Ile ya "hatuli usipokula" nayo ilikuwa na tundu. Shule ilikuwa inaiuza mikataba ya wanafunzi kwa wawekezaji, na mara nyingi fedha iliingia mapema, kijana akiwa hata hajaandika barua yake ya kwanza ya kuomba kazi. Kwa hiyo shule ilishakula, mwekezaji akawa ndiye anayesubiri, na kijana akabaki na deni.

Mikataba ya kulipa baada ya kuajiriwa imeshafika Afrika Mashariki, Rwanda na Kenya, na siipingi. Kwa mtoto asiye na baba wa kumlipia ada inaweza kuwa mlango pekee. Ninachosema ni kwamba swali la kuuliza ni moja la kinyumbani kabisa, ambalo muuza duka yeyote wa Kariakoo angeliuliza kabla ya kuchukua mzigo wa mali kauli: usipouzika, hasara ni ya nani? Ukiuliza hivyo na mtu wa ofisi ya udahili akaanza kukuonesha picha za wahitimu wanaotabasamu, umeshajibiwa.

Nimesema nami nilianzia huko. Nieleze basi nilifundishwa wapi, kwa sababu haikuwa darasani.

Mwezi wa tatu wa kazi yangu ya kwanza nilipewa niandike kipande cha kupokea malipo ya simu. Kinavyokwenda ni hivi: mteja analipa kwa simu yake, mtandao wa simu unatuma taarifa kwenye kompyuta yetu kwamba fedha imeingia, programu yetu inamwongezea mteja salio. Niliandika, nikajaribu, ikafanya kazi, nikapongezwa. Ijumaa tukaiwasha. Jumapili mchana mhasibu akapiga simu, na mhasibu hapigi simu Jumapili kwa salamu. Kuna mteja alilipa 30,000 na salio lake linasoma 60,000. Si huyo tu.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mtandao ukituma taarifa na usipojibiwa kwa wakati, unadhani haikufika, unaituma tena. Taarifa ni ileile, ya malipo yaleyale, ina namba ileile ya muamala. Intaneti yetu ilikuwa inasuasua wikiendi ile, majibu yakachelewa, na programu yangu kila ilipopokea taarifa iliishangilia kama ngeni.

Fundi aliyekuwa ananisimamia alikuja ofisini na kandambili. Angeweza kulimaliza kwa dakika kumi akarudi kwa wanawe. Hakugusa kibodi. Alinipa karatasi na kalamu, akaniambia niandike kila hatua fedha inayopitia, na kila hatua niandike: hapa umeme ukikatika, je? Hapa taarifa ikija mara mbili, je? Hapa isipokuja kabisa? Karatasi ya kwanza ikajaa, ya pili ikajaa. Saa moja usiku ndipo nilipokiona mwenyewe kilichotakiwa, nacho kilikuwa kifupi kuliko aibu iliyokileta: kabla ya kuongeza salio, tazama kama namba hii ya muamala umeshaipokea. Tukarekebisha salio za watu mpaka saa nne. Tangu siku hiyo sijawahi kupokea taarifa ya malipo bila kuiuliza kwanza kama tumeshaonana.

Hebu ipigie hesabu Jumapili hiyo. Saa nane za fundi mzoefu, ambazo hakulipwa. Fedha za wateja zilizotetereka. Usumbufu wa mhasibu. Kwenye vitabu vya kampuni hiyo yote ni hasara, na hakuna safu inayoandikwa kwamba siku hiyo kampuni ilipata nusu ya fundi. Nusu hiyo, tena, baada ya mwaka na nusu niliichukua nikahamia kwingine kwa mshahara mkubwa zaidi. Kwa hiyo simshangai mwajiri anayetangaza nafasi "ya wanaoanza, uzoefu usiopungua miaka miwili". Tunacheka tangazo hilo kila tukiliona, ila anajua anachokikwepa.

Zipo nchi ambazo hazikumwachia mwajiri mmoja mzigo huu. Ujerumani tangu mwaka 1997 uandishi wa programu ni fani rasmi ya uanagenzi kama ilivyo useremala: kwa kawaida miaka mitatu, kijana akigawa muda wake kati ya kampuni na chuo, akilipwa posho na kampuni, na mwisho anatahiniwa. Rwanda ilifungua Rwanda Coding Academy wilayani Nyabihu mwaka 2019, na pale pia ni miaka mitatu, wakianza wakiwa sekondari. Paris iko shule iitwayo 42, iliyofunguliwa mwaka 2013, isiyo na ada wala walimu, na yenyewe inayo kambi kali ya wiki nne ambayo wanaiita bwawa la kuogelea. Ila bwawa hilo ni la kuchuja. Anayevuka salama ndipo anaanza shule. Zone01 ya Kisumu inafuata mtindo wa jamii hiyo, wanafunzi wakikaguana kazi wenyewe. Huko kote wiki za moto ni mlango wa nyumba, na nyumba ipo.

Sisi fedha za kujengea nyumba tunazikusanya tayari, ndilo linaloniudhi. Tanzania mwajiri analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, inayokokotolewa kwa asilimia ya mishahara. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Kenya iko ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Uanagenzi nao serikali inaujua na inaugharimia, kwenye ushonaji, kwenye viatu. Lakini kampuni ndogo ya programu pale Sinza au Mikocheni, yenye watu kumi na watano, inakatwa tozo kila mwezi, halafu ikimchukua mhitimu wa wiki kumi na mbili inabeba Jumapili zake yenyewe. Kampuni kama hiyo ikirudishiwa sehemu ya tozo yake kwa kila mwanagenzi inayemweka mwaka mzima, na ikaruhusiwa kuonesha saa za msimamizi wake kama gharama ya mafunzo, nadhani tangazo la "miaka miwili" litaanza kupungua lenyewe. Wenye kozi nao watalazimika kubadilika, kwa sababu kampuni zitaanza kuuliza mhitimu amewahi kumhudumia mtu gani asiyemjua, na ukurasa wa hali ya hewa hautajibu swali hilo.

Wazazi huniuliza kama walipe. Swali zuri zaidi ni kama mtoto ameshakaa mwezi mmoja na vya bure. freeCodeCamp, tovuti ya kujifunzia programu, ipo tangu 2014, bure kabisa. Kozi ya CS50 ya Harvard inasomwa mtandaoni bila senti tano, ukiacha bando, ambalo kwa kweli si kitu kidogo. Aliyemaliza mwezi bila kusukumwa, hata kama ameelewa nusu, mlipie kama unazo, huku ukijua unalipia kwata. Aliyeacha wiki ya pili, kozi ya milioni haitampa kiu. Kisha mtafutieni pa kuharibu vitu vidogo: daftari la mikopo la kikundi cha akina mama, orodha ya michango ya msikiti, duka la shangazi. Shangazi akikuta deni la mteja limeandikwa mara mbili atasema kwa sauti ambayo hakuna mwalimu anayeruhusiwa kuitumia.

Yule kijana sikumwajiri siku ile. Jioni alinitumia ujumbe: ameirekebisha, na sasa inakubali namba ianze kwa sifuri, kwa 255 au kwa alama ya kujumlisha, zote zinaishia kuwa namba moja. Sikuwa nimemwambia kuhusu 255. Wiki iliyofuata niliandika barua kwa uongozi kuomba nafasi mbili za wanagenzi kwa mwaka mmoja, nikaambatisha hesabu ya saa zangu. Jamaa wa fedha aliuliza zile saa zitalipwa kutoka fungu gani. Tulizungumza mara tatu. Tukapewa nafasi moja, ya miezi sita, na meza yake iko karibu na mlango wa choo.